Jodari wa Kopo kwenye Chungu cha Somoe

Mwaka ule makopo ya jodari yaliingia Mtwara bila kuitwa na mtu. Yalishuka melini, yakapangwa kwenye rafu za duka moja la ushirika kule Chikongola, yakakaa. Nani anunue samaki wa kopo katika mji ambao asubuhi ukifungua mlango unapishana na mchuuzi kutoka Msimbati, jodari mbichi kichwani, damu bado inachuruzika? Meneja wa duka alipoona yanaanza kuota kutu, akatunga sheria yake. Anayetaka sukari achukue na kopo la samaki. Hutaki kopo, sukari kaitafute kwenu.

Basi kila nyumba ikawa na makopo. Wengine waliyaegemezea milango isipigwe na upepo. Wengine waliwapa watoto wachezee baba na mama. Bi Asumini, mke wa mjumbe wa nyumba kumi, aliyapanga dirishani, ile picha ya samaki ikitazama barabarani, wapita njia wajue kwamba humu ndani chai hainywewi kavu.

Kuyala ndiyo hakuna aliyekuwa na habari, isipokuwa Mfaume. Na huyo Mfaume alikuwa mume wa Somoe.

Somoe alikuwa mtoto wa Madimba, ameolewa mjini mwaka wa tatu sasa. Mwanamke mfupi, mcheshi, swala tano hazimpiti, na mkono wake wa kupika ulijulikana. Akipika kisamvu kwa nazi, mtu wa nyumba ya nne alikuwa akikumbuka ghafla kwamba ana shida ya kuazima chumvi kwa Somoe. Alipoolewa, mama yake hakumpa mausia mengi. Alimwambia, "Mwanangu, mwanamume akila kwako, mengine yote mtazungumza."

Mfaume alikuwa kuli bandarini, mbeba magunia ya korosho. Kifua kimefunguka kama mlango wa ghala, mikono kama michi. Kifua hicho ndicho kilichomponza. Bwana Anselmi, karani wa forodha, mtu wa Kilimanjaro, alimwona siku moja amevua shati kwenye gati, akamwita pembeni.

"Wewe," akamwambia, "unautembeza huo mwili bure."

Nyuma ya nyumba yake ya serikali huko Shangani, Anselmi alikuwa na uwanja wa kunyanyua vyuma. Vyuma vyenyewe vilikuwa ekseli ya lori lililokufa na madebe yaliyojazwa saruji. Sikukuu ya Uhuru kungekuwa na mashindano ya kutunisha misuli, na mshindi angepelekwa Dar es Salaam kuuwakilisha mkoa. Mfaume hakuwahi kufika Dar es Salaam. Alikubali kabla Anselmi hajamaliza sentensi.

Tabu ilikuwa chakula. Anselmi alikuwa na kitabu cha picha alichopewa na baharia, kimejaa Wazungu waliovimba kama wameumwa na nyuki, na mmoja wao ameshika kopo la jodari huku anacheka. Kutoka hapo Anselmi akapata sheria zake.

"Mafuta, marufuku. Nazi, marufuku. Sukari usiitazame. Wali, ugali, muhogo, kidogo asubuhi, basi. Jioni unakula jodari wa kopo. Unamkamua mafuta yake, unamwosha kwa maji ya moto, unamla."

"Kaka, mbona jodari mbichi tunaye hapa hapa?"

"Kitabuni yuko wa kopo."

"Wale wa kitabuni hawana pwani, kaka."

"Mfaume, unataka kwenda Dar es Salaam au unataka kubishana?"

Ikawa hivyo. Kila jioni Mfaume alikula kopo lake huko huko Shangani, amesimama, pua kaibana kwa vidole viwili. Jodari aliyekamuliwa na kuoshwa kwa maji ya moto, alisema mwenyewe, ni kama kutafuna godoro. Akirudi nyumbani, Somoe amekwisha kupakua, mkeka umetandikwa, maji ya kunawa yako tayari.

"Nimeshiba, mke wangu."

"Umeshiba wapi?"

"Kwa Anselmi."

"Anselmi amekuoa?"

Mfaume hucheka, hupitiliza, hulala.

Siku ya kwanza Somoe alicheka pia. Wiki ikapita. Chakula kikawa kinalala, asubuhi anawamwagia kuku, na mwanamke anayemwagia kuku kisamvu cha nazi kila asubuhi haonekani na kuku peke yao.

"Shoga," Bi Asumini alimwita juu ya ua wa makuti, "kuku wako wamenenepa, mashallah. Na mumeo je?"

"Mume wangu mzima, Bi Asumini."

"Namwona, namwona. Kifua hicho! Hanenepi kwa hewa. Mahali anakula." Akanyamaza kidogo ili neno likae vizuri. "Mimi sisemi kitu. Nasema tu, mahali anakula."

Kwa mke wa mjumbe, "sisemi kitu" maana yake ilikuwa nyumba kumi kabla ya adhuhuri. Mtaani wote walijua jambo moja: mume asiyekula kwake ana chungu kingine mahali. Hakuna aliyeuliza chungu hicho ni cha nani. Kila mtu alikuwa na jibu lake. Kisimani wanawake walimpisha Somoe achote kwanza, kama mfiwa. Wauza muhogo wakaichukua habari hadi Madimba, na mama yake Somoe akarudisha ujumbe kwa hao hao wauza muhogo: korosho zikiisha kuokotwa, atakuja mwenyewe. Akikuta ni kweli, atamchukua mwanawe arudi naye nyumbani, na Mfaume atawafuata wazee huko huko aeleze anakula wapi.

Hapo Somoe hakucheka tena. Alimpenda Mfaume, na alijua hana chungu kingine. Lakini utamwelezaje mama mtu mzima kwamba mumeo anaacha mchuzi wako kwa hiari yake, akatafune godoro Shangani?

Aliswali alasiri, akajifunga kanga zake mbili, akaenda kwa Anselmi. Alimkuta na vijana wake wanajipaka mafuta ya nazi ili misuli ing'ae. Somoe akatazama chini kwa adabu, lakini pua aliiacha ifanye kazi yake.

"Shemeji Anselmi, hiyo si nazi?"

"Ya kupaka, shemeji. Ya kupaka haina neno."

"Sawa. Nimekuja kuuliza. Hicho kitabu chako kimekataza ndimu?"

"Ndimu? Hapana."

"Pilipili?"

"Pilipili haimo."

"Tangawizi? Kitunguu? Embe bichi?"

Anselmi akajikuna kichwa. "Shemeji, kilichokatazwa ni mafuta, nazi, sukari na wanga. Hayo mengine sina ugomvi nayo."

"Kwa hiyo kisichotajwa ni ruhusa?"

"Ni ruhusa."

"Basi mwache mwenzio ale kwake. Makopo yake ninayo, mtaa mzima unayo. Nitamkamua huyo samaki, nitamwosha, kama unavyotaka."

Anselmi, ambaye mwenyewe alikuwa amechoka kumwona Mfaume anabana pua, alikubali.

Kwanza Somoe alikwenda kwa mwalimu wa madrasa kumuuliza kama samaki wa kopo anafaa, maana hajui ni nani aliyemvua wala alisema nini wakati anamvua. Mwalimu akamwambia, "Samaki hachinjwi, binti yangu. Wa baharini ni halali, nawe mle." Akarudi nyumbani moyo mweupe, akapiga kopo kisu.

Jaribio la kwanza lilikuwa baya. Alimwosha jodari, akamtia ndimu na chumvi, akamchemsha. Mfaume alimeza mara moja, akatazama ukuta kwa muda mrefu, akasema, "Sasa ni godoro lenye ndimu."

Somoe hakukata tamaa. Alikaa jikoni akawaza. Nazi imekatazwa kuingia mdomoni. Je, moshi wake? Akachukua makumbi ya nazi, akayawasha yafuke bila kuwaka, akamtandaza jodari kwenye kigae juu yake, akafunika na sinia. Alipofunua, yule samaki alikuwa amebadilika rangi, ananukia kama chakula cha harusi, na hakuna tone la nazi lililomgusa. Akakwangua embe bichi, akakatia kitunguu na pilipili, akaponda tangawizi, akavichanganya vyote, akafunga kwenye jani la mgomba na kuvumbika kwenye majivu ya moto.

Mfaume alikula akamaliza. Akapangusa jani kwa kidole, akauliza kwa sauti ndogo, "Kuna kingine?"

Lo! Somoe aliingia chumbani akacheka mdomo kwenye mto.

Ila kitu kimoja hakikumridhisha. Chakula kilikuwa kikali, kitamu, lakini hakina mwili, hakikai ulimini. Kwao Madimba mboga isiyokaa ulimini ina dawa yake, kila mwanamke anaijua: korosho. Unaibangua, unaitwanga, unaitia, mchuzi unakuwa mzito kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa. Somoe hakuona sababu hata ya kwenda kuuliza. Mafuta yanakaa kwenye chupa. Nazi ni nazi. Korosho ni zao. Inapelekwa ushirika kwa magunia, mume wake huibeba mgongoni kutwa nzima. Nani aliwahi kumsikia mtu akisema korosho ni mafuta?

Akawa anaitwanga kila jioni.

Mfaume sasa alikuwa akitoka kazini anakimbia. Lakini alikula chumbani, mlango umefungwa, kwa sababu wenzake bandarini walikwisha kujua habari za makopo, na wakimwona wanamlilia "nyau, nyau" kuanzia getini hadi melini. Hakutaka jirani yeyote amwone na kopo. Kwa hiyo mtaani hakuna aliyeona lolote. Waliona tu kuku wa Somoe wamekonda ghafla, na Bi Asumini akasema masikini, sasa hata kupika ameacha.

Huko Shangani nako kukawa na jambo. Anselmi alimzunguka Mfaume kama mtu anayekagua gari bovu.

"Nguvu unayo. Unene unao. Lakini misuli iko wapi? Mwezi uliopita nilikuwa nahesabu mbavu zako. Leo natafuta ubavu mmoja sioni."

"Nakula jodari, kaka."

"Unamdanganya nani? Unakula kitu."

"Wallahi nakula jodari!"

"Ijumaa baada ya swala yenu nakuja kwako. Utakula mbele yangu. Nikikuta umenidanganya, jina lako nalifuta."

Na Ijumaa hiyo hiyo ndiyo mama yake Somoe aliyoichagua. Alishuka saa nne asubuhi na kikapu cha korosho mpya kwa ajili ya mwanawe, uso hauna mchezo. Somoe alimweleza yote tangu mwanzo: kitabu, kopo, moshi, jani la mgomba. Mama akasikiliza, akasema, "Maneno nimeyasikia. Sasa nataka kusikia mtu anakula."

Kusikia, siyo kuona, kwa sababu mkwe hali mbele ya mkwewe. Mama akaingizwa chumbani, akaketi kitandani nyuma ya pazia, kanga hadi puani, sikio upande wa barazani.

Swala ikaisha. Mfaume akaja, Anselmi nyuma yake na miwani ya ukaguzi. Somoe akatandika mkeka barazani, akanawisha watu, akaleta sinia. Mfaume hakuwa na la kuficha tena mbele ya Anselmi. Akafunua jani, mvuke ukatoka, na Anselmi akavua miwani.

"Onja, shemeji," Somoe akasema, "usije ukasema tumekuficha kitu."

Anselmi akaonja, kama mkaguzi. Akaonja tena, si kama mkaguzi. Mara ya tatu alimega tonge.

"Shemeji," akasema mdomo umejaa, "huyu ni yule wa kopo? Yule yule?"

"Kopo lile pale."

"Umekamua mafuta?"

"Nimekamua, nimeosha kwa maji ya moto."

"Nazi?"

"Moshi wake tu."

Anselmi akatikisa kichwa kwa heshima. Akalamba kidole. Kisha akasimamisha kidole hewani, akakitazama, kilikuwa kinang'aa.

"Na huu uzito umetoka wapi?"

"Huo? Korosho."

Kuku akapita.

"Korosho," Anselmi akasema.

"Za kutwanga."

"Shemeji, korosho ni mafuta!"

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, kali. "Toka lini?"

Anselmi akashtuka, tonge likamdondoka. Mfaume akarudi nyuma hadi ukutani, maana hakujua mkwewe yuko karibu kiasi hicho.

"Shikamoo, mama," Anselmi alisalimia pazia.

"Marahaba. Nimekuuliza, toka lini? Mimi nimepalilia mikorosho tangu Mwingereza. Sijaona hata mmoja unaotoa mafuta."

Anselmi aliomba korosho moja, akaiweka kwenye karatasi iliyofungiwa sukari, akaikandamiza kwa kitako cha kikombe, akainua karatasi juani. Doa lilikuwa pana kama kiganja cha mtoto, mwanga unapita. Somoe akalitazama. Akapeleka karatasi nyuma ya pazia. Ikakaa huko kitambo.

"Haya," sauti ikasema, chini zaidi. "Kumbe."

Somoe akamgeukia Mfaume. Mwezi mzima amemlisha mume wake kitu kilichokatazwa, kwa mikono yake, kwa bismillahi. "Nisamehe, Mfaume," akasema. "Sikujua. Naapa sikujua."

"Hakujua kweli," Anselmi akakiri. "Hata mimi sikutaja. Kwetu hakuna korosho, ingenijia wapi? Lakini kaka, chagua. Mashindano yako karibu. Ukiacha leo, mbavu zitarudi chache. Usipoacha, usije."

Mfaume alilitazama sinia. Alilifikiria lile godoro la Shangani. Alimfikiria mama mkwe, sikio pale pale. Kisha akafanya jambo ambalo Anselmi alilisimulia forodhani muda mrefu baadaye: akalivuta sinia kwake kwa mikono miwili.

"Dar es Salaam itakuwepo," akasema. "Mimi nakula kwangu."

Kila alichokuwa amekiomba Somoe tangu makopo yaingie mjini kilikuwa kimesemwa, na mama amesikia. Angeweza kunyamaza hapo. Lakini alimjua mume wake. Alijua anavyozungumza usingizini habari za Dar es Salaam. Na doa lile la karatasi lilikuwa lake yeye, siyo la Mfaume.

Akainama, akalinyakua sinia.

"Hukili," akasema.

"Somoe!"

"Hukili hiki. Utasubiri nikupikie kingine, hakina korosho."

"Nirudishie chakula changu!"

Somoe alikuwa amekwisha kushuka barazani, sinia kichwani, anakwenda jikoni uani. Mfaume akamfuata. Kuli wa bandari, kifua wazi, kanzu ya Ijumaa ameivua kaifunga kiunoni, anazunguka ua mbio nyuma ya mwanamke mfupi anayecheka.

"Mke wangu, nakuomba! Tonge moja! Nimekuwa nikikisubiri tangu asubuhi, hata chai sikunywa! Somoe, usinifanyie hivi, hakuna anayepika kama wewe mji huu!"

Kichwa cha Bi Asumini kikachomoza juu ya makuti. Kikafuatiwa na kingine, na kingine. Mfaume hakuviona. Alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko, mikono kaifumbata, na sauti ya mtu aliyezoea kuita winchi melini haijui kunong'ona.

"Hata la kuramba tu, Somoe!"

"Bi Asumini," Somoe akasema kwa adabu, "karibu. Tunabishana kidogo juu ya chakula."

Bi Asumini alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza hakika hakusema kitu.

Somoe akafungua kopo jingine, akafukiza makumbi, akakwangua embe. Safari hii alimwita Anselmi asimame pale pale ataje kwa jina kila kinachoingia. Badala ya korosho akatia biringanya aliyoichoma na kuiponda. Ikakaa ulimini siyo sana, lakini ikakaa. Mfaume alikula barazani, mchana kweupe, watu wakipita. Anselmi alikula lile sinia la korosho lote peke yake, akisema yeye hashindani.

Jua lilipopoa mama akatoka chumbani kwa mlango wa nyuma, asikutane na mkwewe, akaja jikoni kwa mwanawe. Kikapu chake cha korosho alikifunga upya.

"Hizi narudi nazo," akasema. "Wewe nakuacha. Mwanamume mwenye chungu kingine halii hivyo."

Sikukuu ya Uhuru Mfaume alipanda jukwaani, mbavu kiasi zimerudi, kiasi bado ziko njiani. Alishika nafasi ya pili. Dar es Salaam akaenda askari mmoja wa magereza. Mfaume alinuna siku mbili. Siku ya tatu alirudi kazini, na walipomlilia "nyau" getini, aliwajibu kwamba paka ale samaki wa Somoe kwanza, ndipo wamfananishe naye. Jioni wawili kati yao walikuja Chikongola, kila mmoja na kopo lake kwapani, wakabisha hodi.